Mkanda Uliopungua Sentimita Arobaini na Mbili

Inspekta aliutandaza mkanda kwenye korido ya kituo, kuanzia mlango wa mapokezi mpaka karibu na choo, maana ofisini mwake usingeenea. Ulikuwa mkanda wa kuvutia magari yaliyokwama, mpana kama kiganja, wa rangi ya machungwa iliyokwisha kupauka, na sasa ulikuwa vipande viwili. Matope yalikuwa yamekauka juu yake yakapasukapasuka kama ngozi ya kisigino.

"Shika ncha hiyo, Koplo. Usiuvute. Ulaze tu."

"Naulaza, afande. Ila mahabusu wakitaka kwenda haja itabidi waruke kamba kama watoto."

Koplo alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, mwepesi wa ulimi kuliko wa kalamu. Alipiga magoti, akanyoosha kipande cha kwanza kwa viganja.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Juzi asubuhi, mvua ikinyesha, mwenye pikapu ya kubebea matofali alikwama kwenye mteremko wa udongo wa mfinyanzi nyuma ya tanuri. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuja na trekta kumvuta. Huyu alikuwa mtu mkubwa, mtulivu, aliyeendesha kwa uangalifu hata watu wakamwita Taratibu. Mkanda mmoja haukufika, wakaunga miwili: huu wa mwenye pikapu ulifungwa nyuma ya trekta, na ule mfupi wa trekta ukafungwa mbele ya pikapu. Katikati waliiunga kwa kipande kizito cha chuma chenye umbo la kwato. Mkanda mrefu ulipokatika, kile chuma kilirudi kama jiwe lililotoka kwenye manati, kikapasua kioo cha mbele na kumkuta mwenye pikapu ameshika usukani. Hakupata nafasi hata ya kuinama.

Mkuu wa kituo alikuwa na vitu vitatu mezani: kisu cha Taratibu, ncha za mkanda zilizokatwa kwa makali, na maelezo ya Taratibu yaliyotiwa sahihi, kwamba amekata mkanda kwa mkono wake. Kesho saa tatu asubuhi jalada lilitakiwa mahakamani, na shtaka lilikuwa la kuua kwa kukusudia. Shtaka hilo halina dhamana, na adhabu yake inajulikana.

"Mtu amekiri, kisu tunacho, mkanda umekatwa," Mkuu alikuwa amemwambia Inspekta asubuhi ile. "Unatafuta nini tena? Unataka marehemu aje athibitishe?"

Inspekta alikwenda stoo ya vielelezo, akaazima futi ya fundi seremala.

Kwenye kitanzi cha mwisho kulikuwa na lebo iliyoshonwa na kiwanda: mita tisa. Alipima kipande kilichobaki kwenye trekta, akapata mita mbili na sentimita thelathini na tano. Akapima kilichokutwa upande wa pikapu, akapata mita sita na sentimita ishirini na tatu. Koplo alijumlisha kwenye kiganja kwa kalamu.

"Nane na hamsini na nane."

"Pima tena wewe."

Koplo alipima. Jibu halikubadilika.

"Pungufu sentimita arobaini na mbili," alisema. "Labda umerudi, kama suruali ya kitambaa kibaya."

"Mkanda wa namna hii ukivutwa huongezeka. Hauna namna ya kupungua."

"Basi kuna kipande kimepotea."

"Kuna kipande kimeondolewa. Na kipande hakitoki katikati bila kukata mara mbili. Hebu tazama ncha hizi. Zimekatwa upana wote, huku na huku. Kama alikata hivi kabla ya kuvuta, alivuta na nini? Mkanda uliokatwa upana wote hauvuti hata baiskeli."

Koplo alibaki ameinama. Alikuwa ameona kitu kingine. Alipangusa matope kwa kitambaa, na chini yake pakatokea baka la manjano chafu, lenye ukubwa wa sahani. Alilikwaruza kwa ukucha. Nyuzi zikatoka kama majivu.

"Afande, hii mimi naijua. Baba yangu alikuwa anachaji betri za magari. Suruali zake zilikuwa hivi hivi. Mama akizifua zinatoboka kabla hazijakauka."

"Maji ya betri?"

"Maji ya betri kabisa."

Walisafisha mkanda wote, kipande kwa kipande. Mabaka yalikuwa mengi, na yote yalikuwa yamejipanga. Kila baada ya sentimita sitini palikuwa na baka. Pale mkanda ulipokatwa tu ndipo hesabu iliharibika: kutoka baka la mwisho la kipande hiki hadi baka la kwanza la kipande kile, ncha zikigusanishwa, zilikuwa sentimita sabini na nane.

"Ongeza zile arobaini na mbili zetu," Inspekta alisema.

Koplo aliandika tena kwenye kiganja. "Mia moja na ishirini. Sitini mara mbili."

"Kulikuwa na baka hapo katikati. Limeondoka na kipande."

Alizungusha futi akaifunga. Mchoma matofali wa tanuri lile, aliyeitwa kuhojiwa, alikuwa amekaa kwenye benchi la mapokezi tangu saa mbili, na alikuwa ameanza kukoroma.

*

Mchoma matofali alikuwa shahidi mkuu wa Mkuu wa kituo. Nguo zake zilinuka moshi, na alizungumza kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita watu kutoka mbali.

"Wewe ndiye uliyemwona Taratibu na kisu?"

"Kwa macho haya mawili, mkubwa. Moja lina ukungu, lakini siku ile yote yalifanya kazi."

"Ulipomwona, mkanda ulikuwa mzima au umeshakatika?"

"Umeshakatika, bwana. Mimi nilisikia mlio kama wa bunduki, nikatoka tanurini mbio. Mbio zangu mimi lakini, si zako."

"Ukamkuta wapi?"

"Amepiga magoti kwenye matope kati ya trekta na pikapu. Anakata. Nikamwuliza, we Taratibu, unakata nini na mtu kafa? Hakunijibu. Akanipita na kitu mkononi, akaenda kwenye mdomo wa tanuri. Nikasema huyu karukwa na akili, anataka kujichoma. Akarudi mikono mitupu."

"Mbona haya hayamo kwenye maelezo yako?"

"Niliulizwa nimeona kisu? Nikasema nimeona. Mkuu wako akasema inatosha, weka dole gumba."

Inspekta aliandika, kisha akauliza bila kuinua kichwa, "Inasemekana Taratibu aliwahi kumtishia marehemu mbele ya watu. Kwamba siku akimvuta atamvuta mpaka ahera."

Mchoma matofali alimtazama kama anayemtazama mgeni asiyejua lugha.

"Hao si mashemeji? Ndiyo mazungumzo yao. Huyu anasema nitakuvuta mpaka ahera, yule anajibu, na trekta lako hilo tutafika kiama kimeshapita. Sote tunacheka. Sasa mmelipeleka na hilo mahakamani?"

"Bado," alisema Inspekta.

*

Selo namba mbili ilikuwa na dirisha moja la juu na ndoo. Taratibu alikaa chini, mgongo ukutani, magoti yamefika karibu na kidevu. Inspekta aliingia na kiti chake mwenyewe. Koplo alisimama mlangoni.

"Nimeshaandika, afande," Taratibu alisema. "Sina la kuongeza."

"Umeandika ulikata mkanda. Saa ngapi?"

"Asubuhi."

"Kabla ya kuvuta?"

"Kabla."

"Mkanda ulikuwa kwa dada yako. Wewe mwenyewe umesema alikuja nao kwenye mvua, akakukabidhi mkononi, akarudi nyumbani kuchukua jembe. Ulikata wakati gani?"

"Basi andika nilikata palepale."

"Mbele ya shemeji yako, naye anakutazama kupitia kioo?"

Taratibu aliinamisha kichwa magotini.

"Ulikata baada ya yeye kufa," Inspekta alisema. "Ulikata mara mbili, ukatupa sentimita arobaini na mbili tanurini. Kipande hicho kilikuwa na maji ya betri."

Mtu yule mkubwa alifumba macho.

"Afande, una dada?"

"Ninaye."

"Mimi ninaye mmoja tu. Shemeji alikuwa anafungua betri kila jioni, wezi wasiichukue, na dada anaibeba mpaka stoo. Stoo ile nimeingia mara ngapi. Juzi niliporuka chini kutoka kwenye trekta nikashika ncha ya mkanda, nyuzi zikabaki mkononi kama majivu. Nikajua palepale. Hata kwenye pikapu nilikuwa sijafika."

"Kabla ya kuvuta hukuona chochote?"

"Niliona doa. Nikasema ni oili. Shemeji alikuwa ananipigia honi, ananitania nifanye haraka kidogo kabla hajazeeka." Alifuta uso kwa mkono wa shati. "Na jambo lingine, afande, liandike. Mikanda miwili haiungwi kwa chuma. Unapitisha kitanzi ndani ya kitanzi, katikati unaweka kijiti ili vitanzi visikazane. Ukikatika, kinachorudi ni nguo tu, si chuma. Hiyo nilifundishwa tangu nilipoanza kazi. Siku ile kijiti sikukiona karibu, mvua ilikuwa inanyesha, kile chuma kilikuwa miguuni pangu. Kwa hiyo ukiandika nimemuua mimi, hujakosea sana. Acha hivyo."

"Hilo ni kosa. Si mauaji ya kukusudia."

"Mimi nikifungwa nitafanya kazi, nitachoka, nitalala. Yeye akijua hatalala. Wale watoto wamebaki na mtu mmoja, afande. Unataka umvunje huyo huyo?"

"Kesho saa tatu watakusomea kuua."

"Wasome."

Inspekta alisimama, akashika kiti kwa mgongo wake. "Bila maelezo ya dada yako nina mabaka tu, na mwendesha mashtaka atasema ni oili, kama ulivyosema wewe. Sahihi yako iko mezani. Hawatasoma kitu kingine."

"Nakuomba," Taratibu alisema. Alisema tena wakati mlango unafungwa, na mara ya tatu ulipokuwa umeshafungwa.

Kwenye korido Koplo aliuliza, "Tunaweza kumwacha alivyotaka?"

"Huyu hajaua kwa kukusudia, nami najua."

"Najua unajua. Nimeuliza tunaweza?"

Inspekta alikunja kipande kirefu cha mkanda, akakitia kwenye mfuko wa vielelezo.

*

Marehemu alizikwa jana. Mlangoni pa nyumba yake kulikuwa na viatu vingi vya wanawake, na waliokuwa sebuleni walinyamaza wageni walipopita. Mjane alikuwa uani, anasugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi. Alikuwa mdogo wa umbo, na ukimtazama usingedhani ametoka tumbo moja na Taratibu.

"Pole sana, mama."

"Nishapoa, afande. Kaka yangu anakula?"

"Anakula," alisema Koplo, ingawa si kweli.

Inspekta aliomba aone stoo. Ilikuwa chumba kidogo cha saruji, kisichotosha mtu kunyoosha mikono: majembe, madebe, tairi moja, na pembeni betri ya pikapu, ambayo ndugu walikuwa wameifungua na kuirudisha nyumbani.

"Betri hii hukaa hapo?"

"Hapo, lakini si hivyo. Sijui nani kaiweka chini." Sauti yake ilipata nguvu kidogo. Lilikuwa jambo la nyumba yake, na alilijua. "Betri haikai kwenye saruji, afande. Saruji inainyonya, asubuhi gari haliwaki. Baba watoto alikuwa mkali sana kwa hilo."

"Mlikuwa mnaiweka juu ya nini?"

"Kulikuwa na ubao, ukaliwa na mchwa. Nikaona ule mkanda wa kuvutia umekaa tu bila kazi, mwaka mzima hatujakwama. Nikaukunja vizuri nikaupanga chini yake. Alipoona alinisifu. Alisema, mke wangu una akili kuliko mafundi."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

Koplo alikuwa ametazama ukutani. Inspekta alifungua mfuko, akautoa mkanda.

"Ulikuwa unaukunja namna gani? Nionyeshe."

Mjane alikaa juu ya debe, akaupokea. Mikono yake iliijua kazi. Alipima kwa kiwiko, akalaza, akageuza, akalaza tena, kila kunjo likikaa juu ya lenzake bila kupita. Baka la pili likalala juu ya la kwanza. La tatu likalala juu ya la pili. Kwenye kunjo la tano mikono yake ilipunguza mwendo. Alilifunua, akatazama chini yake, akalirudisha. Alikwaruza kwa kidole. Majivu ya manjano yalimwangukia kwenye kanga.

Akaitazama betri.

"Ni hapa ulipokatika?" aliuliza.

"Sehemu kama hiyo."

"Si kaka alikata?"

"Alikata baadaye, kuondoa alama."

Sebuleni mtu alikohoa. Mjane aliuweka mkanda mapajani, akaushika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

"Nilikimbia nao," alisema. "Alipiga simu akasema niwahi, matofali yanaloa. Nilianguka mara moja pale kwenye mfereji, nikainuka. Nikampa kaka mkononi. Nilifurahi kwamba nimewahi."

Aliinua uso kumtazama Inspekta.

"Kaka anajua?"

"Anajua."

"Ndiyo maana akasema ni yeye."

"Ndiyo."

Aliyapangusa majivu kwenye kanga yake, lakini yaliganda kwa jasho la kiganja. "Andika, afande," alisema. "Andika yote, nitie sahihi. Halafu nipeleke nikamchukue."

Sheria inataka mtu asomewe maelezo yake kabla hajatia sahihi. Inspekta aliyasoma palepale stoo, polepole, neno kwa neno, kwa sababu hakuna njia nyingine ya kuyasoma. Alipofika mahali panaposema "nikaukunja vizuri nikaupanga chini ya betri," mjane alimwomba arudie. Alirudia. Akatia sahihi.

*

Mkuu wa kituo alisoma kurasa zote mbili akiwa amesimama. Alitazama vipimo, akakuna shingo, akasema jalada libadilishwe liwe la ajali, na dereva aachiwe kwa dhamana ya ndugu, aripoti kila Jumatatu mpaka suala la kile chuma liamuliwe. Kisha akarudi kwenye simu yake.

Inspekta alifungua selo namba mbili.

"Unaweza kwenda."

Taratibu hakuinuka. Alikuwa amekaa alivyoachwa.

"Umemwambia."

"Nimemwuliza. Alijibu mwenyewe."

"Ni kitu kilekile." Aligeuza uso ukutani. "Funga mlango, afande."

"Siwezi kukufungia. Huna kosa la kukuweka ndani."

"Funga tu."

Mjane alikuwa mapokezi, na aliisikia sauti. Alipita kando ya meza ya Koplo bila kuomba ruhusa, akashuka korido, akasimama kwenye mlango wa chuma. Kaka yake alimwona miguu, halafu kanga iliyochafuka, halafu uso. Akashusha macho.

"Kaka, inuka twende."

"Wewe nenda. Nitakuja."

"Utakuja lini?"

"Nitakuja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini?"

Mjane aliingia. Alikaa chini karibu naye, mgongo ukutani, akakunja miguu. Hawakushikana mikono, wala hakuna aliyelia. Walikaa tu wakitazama ndoo.

Koplo alikuja na daftari la mahabusu ili Taratibu atie sahihi ya kutoka. Alichungulia ndani, akalifunga daftari, akarudi nalo mezani. Tayari alikuwa ameshaandika kwamba selo namba mbili ni tupu tangu saa kumi na dakika ishirini. Inspekta alibaki mlangoni na ufunguo mkononi. Kuufunga mlango hakuruhusiwa, na kuwaambia watoke hakujua aanzie wapi.

Ilipofika saa kumi na moja bado walikuwa humo.